Vyuo vya Mtwara viwape vijana makafi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme na wakuu wa vyuo vya mkoani kwetu, hasa wenye dhamana ya michezo. Mtwara mjini tuna Stella Maris, tuna TIA (Taasisi ya Uhasibu Tanzania), tuna Chuo cha Utumishi wa Umma, mbali na vya ualimu na afya. Bahari iko jirani na vyote. Lakini mwanafunzi akiuliza habari za michezo anaonyeshwa mpira wa miguu, netiboli, wavu na kikapu, basi. Ombi langu ni vyuo hivi vianzishe timu za kupiga makafi, yale makasia mafupi ya mtumbwi.

Mimi ni mzaliwa wa Newala. Kwetu juu, kwenye uwanda wa Makonde, maji ya kunywa yenyewe yalikuwa ya kuhangaikia, na bahari niliisikia kwa wakubwa tu waliokuwa wakishuka Mtwara. Baadaye nikapata ufadhili wa kusoma shahada ya uzamili Vancouver, Kanada. Kila mtu alinitahadharisha kuhusu baridi, na kweli ipo, ila kilichonitesa ni upweke. Juma zima linaweza kupita umesema "asante" kwa dereva wa basi na "samahani" kwa mtu maktaba, basi. Anayetoka mahali ambapo hupiti mlangoni kwa mwenzio bila kumwamkia atanielewa.

Dada mmoja niliyesoma naye akaniambia timu yao ya mitumbwi ya joka inatafuta watu. Nilimjibu kwamba sijui hata kuogelea. Akasema kila mtu huvaa boya, niende tu.

Mchezo huu asili yake ni Uchina, na Vancouver ulishika kasi baada ya mitumbwi kuletwa kutoka Hong Kong kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1986. Chombo kina urefu wa mita 12 hivi. Wapiga makafi ni 20, wawili wawili kwenye kila ubao, mpiga ngoma yuko omo, yaani mbele, akiwatazama, na mshika usukani amesimama tezi, yaani nyuma. Unakaa nyonga imebana ubavu wa chombo, unajipinda kuanzia kiunoni, unalifikisha kafi mbele kabisa, unalizamisha lote, ndipo unavuta. Macho hayatazami maji. Yanawatazama wawili wa mbele kabisa, maana hao ndio wanaotoa mwendo, na 18 waliobaki wanawafuata. Mmoja akichelewa, hata awe na nguvu za ajabu, chombo kinakuwa kizito na wote mnausikia uzito huo mgongoni.

Hapo ndipo nilipoupendea mchezo huu. Kwenye mpira wanacheza 11, wengine wanakaa benchi, na asiye na kipaji hata benchi halioni. Kwenye mtumbwi aliyeanza leo anakaa ubao mmoja na aliyeanza miaka mitatu iliyopita, na asipovuta naye, chombo hakiendi. Kushoto kwangu alikaa mwanafunzi wa uhandisi kutoka Iran. Nyuma yangu dada wa Kisomali, hijabu yake kichwani na boya juu ya nguo zake ndefu, na hakuna siku nguo hizo zilimzuia kuvuta. (Nalisema hili kwa ajili ya wazazi wa huku, najua wataliuliza.) Baada ya mazoezi tulikula pamoja. Kaka yangu aliponitumia korosho za nyumbani, zilizunguka kutoka omo hadi tezi zikaisha kabla hatujafunga kamba. Kuanzia hapo nikawa na watu wa kunijulia hali nikikosa kuonekana.

Kwenye maji yale yale walikuwapo akina mama waliovaa rangi ya waridi, wote waliwahi kuugua saratani ya matiti. Zamani waliofanyiwa upasuaji wa saratani hiyo walikatazwa kazi nzito za mikono, kwa hofu kwamba mkono utavimba. Mwaka 1996 Dkt. Don McKenzie wa Chuo Kikuu cha British Columbia aliwaingiza wanawake 24 kwenye mtumbwi ili aone kama hofu hiyo ni ya kweli. Mikono haikuwaharibikia, na leo timu za namna hiyo zipo nchi nyingi. Niliwaona wakishuka bandarini wamekumbatiana, wanacheka, wengine wana umri wa mama yangu.

Sisi hatuhitaji kichwa cha joka. Tuna ghuba ya Mikindani, iliyokingwa na ardhi karibu pande zote, ambayo hata upepo wa kusi wa Juni na Julai ukichafua bahari ya nje, ndani kunabaki na nafuu. Tuna mafundi wa vyombo. Tuna wavuvi wa Mikindani na Msangamkuu waliozaliwa na kafi mkononi, wanaojua lini ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na lini maji ni mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, na saa gani mkondo wa mlango wa ghuba si wa kuchezewa. Hao ndio wawe walimu, tena walipwe kama makocha wengine wanavyolipwa.

Vianze vyuo viwili tu, kila kimoja na mtumbwi wake. Maboya yanunuliwe kabla ya makafi, na kila mwanafunzi afundishwe kuogelea kwenye kina kifupi kabla ya kwenda mbali. Vijana wanaotoka Masasi, Tandahimba na Nanyumbu wengi wako kama nilivyokuwa mimi. Wanakuja mjini hawamjui mtu, wanapanga chumba, wanashinda na simu. Mwezi wa Oktoba na Novemba, wapya wanapofika, ndio wakati wa kuwaita ufukweni, wasichana na wavulana.

Chuo chochote kikitaka mtu wa kuanza naye, Mhariri ana anwani yangu. Nafundisha sekondari hapa mjini, na Jumamosi asubuhi nina nafasi.

Mwalimu,
Shangani, Mtwara