Nyangumi hawaji msimu wa mavuno

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya utalii kuhusu kuzunguka kwa baiskeli katika mashamba ya mizabibu ya Hemel-en-Aarde, nyuma ya mji wa Hermanus, Afrika Kusini. Nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani miwani imenidanganya. Eti asubuhi unatazama nyangumi, mchana unashuhudia zabibu zikivunwa, jioni unateremka hadi baharini bila kukanyaga pedali. Mimi ni fundi baiskeli na njia hiyo nimeipita, mwezi Februari, na mwenzangu mmoja. Aliyeandika makala ile, nahisi, alipita na gari, tena akiwa amesinzia.

Nyangumi huingia ghuba ya Walker Bay, mbele ya Hermanus, kuanzia Juni hadi Novemba hivi. Zabibu huvunwa Februari na Machi. Atakayefuata ratiba yenu lazima akose kimoja.

Sisi tulikuta mavuno. Tulitoka Hermanus alfajiri, tukaiacha barabara ya R43 na kukunja kulia kuingia R320, ile inayopanda bonde kuelekea mji wa Caledon. Mpando wake si wa kutisha, ila ni mrefu na hauna huruma: unadhani umefika juu, kumbe ni kona tu. Mwendo ni wa kushoto, na magari ya wageni wanaokwenda kuonja mvinyo yanakupita karibu hadi unasikia joto la injini. Hilo pia hamkuliandika.

Kwenye shamba moja wavunaji walikuwa wameinama na mikasi, maana mizabibu ile ni mifupi, haimfiki mtu kifuani. Mama mmoja akanipa kichala cha pinot noir, aina ya zabibu nyeusi za mvinyo. Kidogo, kimebana kama ngumi ya mtoto mchanga, cheusi kwa nje. Nikaminya punje moja: maji yake meupe kabisa! Akacheka kuona nilivyoshangaa. Wekundu wa mvinyo hutoka kwenye ganda, maji na maganda yakilazwa pamoja. Mimi kileo situmii, lakini hilo peke yake lilinilipa jasho la mpando wote.

Kuhusu jina. Mmeandika kwamba bonde linaitwa Hemel-en-Aarde, yaani "Mbingu na Dunia", kwa sababu ya utamu wa mvinyo wake. Si kweli. Jina lilikuwepo kabla ya mvinyo huo. Kuanzia mwaka 1817 palikuwa na makazi ya wagonjwa wa ukoma humo bondeni, hadi walipohamishiwa kisiwa cha Robben Island miaka ya 1840. Wanasema jina limetokana na vilima: vimelizunguka bonde hata huoni kitu ila mbingu juu na ardhi chini. Tim Hamilton Russell, mwanzilishi wa kilimo cha mvinyo bondeni, alinunua ardhi ya kupanda mizabibu hapo mwaka 1975, zaidi ya karne moja baada ya wagonjwa kuondolewa.

Sasa huo mteremko wa raha. Pinot noir inastawi pale kwa sababu upepo wa baridi kutoka baharini unapanda bonde na kupoza mashamba. Upepo huohuo, mchana ukikolea, unamngoja mwendesha baiskeli anayerudi. Mabaharia wangeuita upepo wa omo, wa uso kwa uso. Sehemu zilizonyooka tuliteremka tukikanyaga pedali kwa nguvu zetu zote, kiwiliwili kimelala juu ya usukani, machozi yanatiririka kuelekea masikioni.

Mwenzangu alikuwa ameonja mvinyo sehemu nne, na kila glasi aliimaliza. Waonjaji wenyewe hutema. Ndoo ipo hapo mezani, wala si aibu. Yeye aliona ni ufujaji. Sehemu ya tatu bado alikuwa anaimba. Ya nne, akasema miguu yake imekuwa ya kuazima. Nilipoinama kukagua baiskeli yake ya kukodi, nikakuta mpira wa breki ya nyuma umekwisha, chuma kinakwangua rimu. Nikaukaza waya wa breki ya mbele, nikamwambia ashuke, tukazikokota baiskeli kwa miguu sehemu yote yenye kona kali. Hapo mlevi na breki mbovu wanatosha kumaliza safari nyumbani kwa watu wengine.

Ombi langu ni dogo. Mkiandika tena habari za namna hii, tajeni mwezi, tajeni upepo unavuma saa ngapi na kutoka wapi, na mwambieni msomaji afinye breki zote mbili kabla hajalipia baiskeli. Habari za ladha ya mvinyo ziacheni mwishoni.

Mwenzangu ameisoma barua hii kabla sijaituma. Anasema hakuyumba hata kidogo, ni barabara ndiyo iliyokuwa inapinda.

Fundi baiskeli,
msomaji wenu wa kila Jumapili