Mama mkwe atadhani ni degedege

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mkazi wa Temeke, nina miaka 29 na mimba ya miezi saba. Niliacha unga, yaani heroini, miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo natumia methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini ili nisiirudie, tiba ambayo Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011. Kila asubuhi nakunywa dawa yangu pale dirishani, kisha muuguzi ananisemesha maneno mawili matatu ili ahakikishe kwamba nimemeza.

Nilipojua kuwa ni mjamzito nilitaka kuacha dawa siku hiyohiyo, lakini daktari alinikataza kabisa. Alinieleza kwamba damu yangu na ya mtoto hazichanganyiki, ila kondo la nyuma, ambalo mimi nilidhani huzuia kila kibaya, hupitisha methadoni kwa urahisi kwa kuwa chembe zake ni ndogo na huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo mwili wa mtoto nao umekwisha kuizoea. Nikikatisha ghafla, arosto, yaani mateso ya mwili kukosa dawa uliyoizoea, itatupata sote wawili, na mimba inaweza kutoka au uchungu ukaanza kabla ya wakati. Mwezi uliopita dozi ilipandishwa kutoka miligramu 60 hadi 75, kwani katika miezi hii mwili huivunja dawa haraka zaidi. Nilikuwa naamka usiku nimelowa jasho, nikipiga miayo, hivyo nilikubali, ingawa kunywa zaidi huku tumbo likikua bado kunanisumbua moyoni.

Shida yangu hasa iko nyumbani. Mume wangu anajua yote, ila mama mkwe anaamini kwamba kila asubuhi nakwenda kibaruani. Kadi ya kliniki naificha chini ya godoro, maana imeandikwa methadoni ili wakunga wajue. Zipo sindano za maumivu ambazo mtu kama mimi hapaswi kuchomwa wakati wa uchungu.

Mama ndiye atakayenilea hadi arobaini na kumwogesha mtoto. Kitovu kikishakatwa, dawa iliyokuwa ikimfikia mtoto hukoma, na mara nyingi ndani ya siku tatu dalili huanza: kutetemeka, kilio chembamba kisichobembelezeka, chafya mfululizo, kushindwa kunyonya vizuri. Hospitali wana dawa ya kumtuliza akizidiwa, na nimeambiwa tutakaa wodini siku kadhaa, nimlaze kifuani na kumnyonyesha, kwa kuwa methadoni inayoingia katika maziwa ni kidogo. Lakini mama alimzika mwanawe wa kwanza kwa kile alichoambiwa ni degedege. Akiiona mikono ya mjukuu wake ikitetemeka, hatasikiliza daktari wala muuguzi. Atataka tutoke hapo twende kwa mganga.

Nikimweleza mapema, nahofia atasema mwanawe ameoa teja na sasa anamzalia teja. Juzi alinionyesha nepi kumi na mbili alizozikata kutoka katika kanga zake za zamani na kuzipinda kwa mkono. Nilizipokea, nikashindwa kumtazama usoni.

Mume wangu anashauri tungoje, kwani si kila mtoto hupata dalili kali. Mimi naona kungoja ni kumwachia mama aje kushtuka wodini mbele ya watu. Je, nimwambie mwenyewe sasa, au nimwombe muuguzi wa methadoni aketi naye amweleze, nami nikiwapo? Na nikimwambia, nianzie wapi: kwenye unga nilioacha, au kwa mtoto?

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam