Mauzo Hayajapotea: Kwa Nini Programu Haioni Tarehe Unayoitafuta

Simu hii tunaipokea sana siku za kukaribia tarehe 20, watu wanapokimbizana na ritani ya VAT: "Fundi, mauzo ya tarehe tano yamefutika!" Mara nyingi hayajafutika. Yapo palepale yalipoingizwa, ila programu imeulizwa hili ikaelewa lile.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza: usiyaingize upya. Mwenye duka mmoja la vifaa vya ujenzi alituita akiwa ameshakesha siku mbili na vitabu vya risiti, akirudia kuingiza mauzo ya wiki nzima. Saruji imejaa stoo, kwenye kompyuta inasoma imekwisha. Kosa lenyewe tulilipata ndani ya nusu saa. Kuondoa yale marudio kulitula siku tatu.

Yeye anatumia databesi ya Access ya Microsoft, yenye fomu, kisanduku cha tarehe na kitufe cha kutafuta. Aliandika 05/04/2024, akimaanisha tarehe 5 Aprili kama tunavyoandika sote. Kitufe kile kikaichukua tarehe na kuipachika ndani ya amri ya SQL (lugha ya kuiuliza databesi), katikati ya alama mbili za #. Tarehe ikishaingia humo, Access huisoma Kimarekani, mwezi kwanza. Ikaenda kumtafutia mauzo ya tarehe 4 Mei. Kompyuta yake ilikuwa imepangwa vizuri, siku mbele mwezi nyuma, lakini mpangilio wa Windows hauna sauti ndani ya alama hizo.

Kinacholifanya kosa hili lisumbue ni kwamba halitokei kila siku. Ukitafuta 13/04/2024, Access inaona hakuna mwezi wa 13, basi inageuza yenyewe kimyakimya na kukupa Aprili 13, sahihi kabisa. Linakupata tarehe 1 hadi 12 tu, na hata humo 5 Mei inapita salama kwa sababu siku na mwezi ni namba moja. Leo inakubali, kesho inakataa, na mwenye duka anaanza kumwangalia kijana wa kaunta kwa jicho jingine. Hilo ndilo linalotuuma zaidi. Kabla hujamshuku mtu, chagua mwezi ambao una hakika uliuza tarehe 12 na tarehe 13 (usichague Desemba), kisha tafuta zote mbili. Ikija ya 13 na ya 12 isije, kijana wako hana kosa.

Dawa yake ni kurekebisha amri iliyo nyuma ya kitufe, ipeleke tarehe kwa mtindo wa mwaka, mwezi, siku: #2024-04-05#. Ndio mtindo wa kimataifa, ISO 8601, na hausomeki kwa namna mbili. Wewe kwenye kisanduku utaendelea kuandika kama ulivyozoea.

Tatizo la pili linafanana na hilo kwa sura tu. Unatafuta kuanzia tarehe 1 hadi 30 Aprili, ripoti inatoka, lakini mauzo ya siku ya mwisho hayamo. Hapa mchawi ni saa. Access huhifadhi tarehe kama namba: 5 Aprili 2024 ni 45387, na saa kumi na mbili jioni ya siku hiyo ni 45387.75. Ukisema "hadi tarehe 30" bila kutaja saa, yenyewe inaishia saa sita usiku, pale tarehe 30 inapoanza, na kila ulichouza tangu asubuhi kinabaki nje. Ukitumia BETWEEN, yaani amri ya "kuanzia hadi", kwenye data yenye saa, utaliwa hapo kila mwezi. Sisi tunaandika hivi: kuanzia >= tarehe 1 Aprili, na < tarehe 1 Mei. Hakuna dakika inayodondoka.

La tatu ni tarehe zilizohifadhiwa kama maandishi, hasa data iliyohamishwa kutoka Excel. Panga safu ya tarehe kwa mfuatano. Ukiona 01/12/2023 imekaa juu ya 02/01/2022, basi programu inapanga herufi, haijui kwamba zile ni siku. Kuzigeuza kunataka utulivu: tengeneza safu mpya ya tarehe, toa siku, mwezi na mwaka kimoja kimoja, linganisha na risiti chache za karatasi, na safu ya zamani usiifute mpaka umeridhika.

Wanaotumia mifumo ya mtandaoni waangalie pia saa ya seva, ile kompyuta ya mbali inayotunza data. Nyingi huhifadhi muda kwa UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Baa ikiuza saa saba usiku wa kuamkia Jumapili, seva inaandika saa nne usiku wa Jumamosi, na hesabu ya siku haiwezi kukubaliana na pesa za droo.

Ukituita kwa tatizo la namna hii, fanya mambo mawili kabla hatujafika. Funga programu unakili faili lote kwenye flashi. Kisha tuwekee risiti moja ya karatasi ya siku isiyoonekana, yenye tarehe, saa na kiasi. Tunaanza kwa kuitafuta hiyo kwa kiasi badala ya tarehe, na ikijitokeza, mbele yako utaona programu inaiita siku gani.