Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Arusha: Ruzuku ije ng'ombe akiwa bado amesimama

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam kutoka Longido. Nakuandikia sasa, majani yangalipo, kwa sababu ukame ukishaingia hakuna mwenye muda wa kuandika wala wa kusoma.

Ukame wa 2009 uliziacha kaya nyingi za Longido, Monduli na Ngorongoro hazina hata ndama. Serikali ilitushika mkono, ikagawa mifugo kwa waliofilisika, nasi tukaiita mifugo ya kifuta machozi. Tulishukuru na bado tunashukuru. Ila haikufika mapema, na vijana wengi walikuwa wameshakwenda mjini kulinda mageti ya watu.

Ugumu uko kwenye hesabu. Kiangazi kikizidi, hakuna mwenye akili anayekaa na kundi nyumbani. Morani wanaswaga ng'ombe hadi Simanjiro, wengine wanavuka Namanga, na ng'ombe wanafia hukohuko. Bomani anabaki mama na watoto, mbuzi kadhaa, na ng'ombe wa maziwa ambaye kila asubuhi lazima anyanyuliwe: mmoja anashika mkia, mwingine pembe, wa tatu anaingiza bega chini ya tumbo, maana akishalala hana nguvu ya kuinuka. Siku akikataa kusimama anachinjwa, nyama yenyewe haina hata tone la mafuta. Wanaofia porini ni wa fisi. Mvua zikirudi ndipo daftari linapita: walikufa wangapi, mizoga iko wapi? Mwongo anaongeza, mkweli anapunjwa. Na wa Longido aliyefia Simanjiro anaandikwa wapi? Akina mama hawaulizwi kabisa, wakati wao ndio waliokuwa wakinyanyua.

Kwa hiyo siombi kifuta machozi kinono zaidi. Naomba ruzuku ya malisho. Mkulima anapewa mbolea ya ruzuku tangu msimu wa 2022/23, na anaipata kabla ya kupanda. Hakuna anayesubiri mahindi yakauke ndipo ampelekee mfuko. Mabua, pumba na mashudu yapo kwa wenzetu wanaolima. Ukame ukipiga, bei yake inapaa wiki ileile ambayo bei ya ng'ombe mnadani inaporomoka, na mfugaji anajikuta anauza wengi ili kuwalisha wachache. Hapo ndipo shilingi ya serikali ingefanya kazi.

Najua jibu litakalokuja: punguzeni mifugo. Sawa, tutapunguza. Lakini tusaidiwe kuuza mapema, ng'ombe wakiwa na uzito, siyo kusubiri wabaki mifupa ndipo tupewe somo.

Vitendea kazi mnavyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli na wa masika kabla ya msimu kuanza. Kampeni ya chanjo iliyozinduliwa Bariadi Juni 2025, ile ya shilingi 500 kwa ng'ombe, imekuja na hereni za utambuzi. Mnyama mwenye hereni anajulikana ni wa nani hata akiwa malishoni wilaya nyingine, tena kabla hajafa. Ng'ambo ya mpaka, Kenya ilianza mwaka 2015 kuwalipia bima wafugaji wa Turkana na Wajir, na kipimo chake ni hali ya malisho inavyoonekana kwa setilaiti. Hakuna anayezunguka kuhesabu mizoga.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inatambua kamati ya maafa ya mkoa, nawe ndiye mwenyekiti. Naomba ikae kabla ya vuli ijayo, ipange mabua yatanunuliwa wapi, yatawekwa ghala lipi huku kwetu, utabiri ukisema nini ndipo yaanze kugawiwa, na nani ashike funguo. Kwenye funguo, Mheshimiwa, majina ya akina mama yatangulie.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mfugaji, Longido

Nakala: Wenyeviti wote wa vijiji, wilaya ya Longido