Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: tuiteni makungwi

Ndugu Mganga Mkuu,

Nakuandikia kutoka Tandahimba. Mimi ni kungwi.

Korosho zikianza kushushwa ghalani mwezi wa kumi, fedha huingia kijijini na wageni huingia nazo. Ndipo wanawake niliowafunda hunijia usiku: "Somo, mume wangu ana mwingine, nifanyeje?" Akitaja kondomu anaulizwa ameitoa kwa nani. Akitumia vidonge vya kujikinga na VVU, kopo likionekana anaambiwa tayari anaumwa. Nimewajibu wengi wavumilie, na jibu hilo linaniuma.

Najua wataalamu wametafuta kwa miaka kinga ambayo mwanamke ataitumia bila kuomba ruhusa. Dada zetu wa Mwanza walishiriki kuijaribu jeli ya kupaka ukeni iitwayo PRO 2000. Mwaka 2009 ikabainika haizuii VVU. Mwaka 2010 jeli ya tenofovir, dawa ya kupambana na VVU, ilipunguza maambukizi kwa asilimia 39 kule KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, lakini majaribio makubwa yaliyofuata hayakuonyesha kinga hiyo, kwa kuwa wengi hawakuitumia kila mara. Sishangai. Chumba kimoja, watoto wamelala pembeni, jeli utaipaka saa ngapi?

Pete ya dapivirine ni habari nyingine. Ni laini, mwanamke anaiweka mwenyewe ukeni, nayo inatoa dawa ya kuzuia VVU kidogo kidogo kwa mwezi mzima. Majaribio mawili yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionyesha maambukizi yamepungua kwa asilimia 27 na 31, na walioitumia bila kuitoatoa walikingwa zaidi. Januari 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kama kinga ya nyongeza kwa wanawake walio hatarini. Haizuii mimba, kaswende wala kisonono, na kondomu bado inahitajika. Hayo nitayasema wazi, maana mwanamke akidanganywa mara moja harudi tena kwa somo wake.

Naomba mambo mawili. Utufikishie wizarani ombi letu kwamba pete hii ifike hadi zahanati za vijijini huku kusini. Na kabla haijafika, utuite makungwi tukae na wauguzi, tuishike mikononi, tuulize bila haya. Sizungumzii watoto wa unyago. Nazungumzia wanawake wazima, wanaoturudia kabla ya ndoa na baada ya kujifungua. Kitu kinachokaa ukeni mwezi mzima watakuja kutuuliza sisi kwanza, na tukikiogopa sisi, kitabaki kwenye boksi.

Nasi pia tuna ya kurekebishwa. Wapo wenzangu wanaofundisha kujiosha ndani kwa sabuni ili mume aridhike. Tafiti zimeihusisha tabia hiyo na hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa VVU. Nimeifundisha hata mimi, kwa kutojua, na nimeacha. Wengine wataacha wakiambiwa kwa heshima na mtu anayejua.

Likizo ya Juni ikifika tutakuwa kwenye ngoma, hatupatikani. Tuiteni kabla. Zahanati yoyote mtakayoichagua, tutakuja.

Wako,
Kungwi wa Tandahimba