Kuhusu mbwa wa bwenini kwenu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Hapa Mugumu hatujambo, ila bibi yako miguu inamsumbua kidogo. Anakusalimu sana.

Nimeshukuru kusikia rafiki yako aliyeng'atwa na mbwa wa mlinzi alioshwa jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na kwamba alipelekwa hospitali siku ileile. Sasa msimamie amalize sindano zote kwa tarehe alizopangiwa na daktari, hata kidonda kikikauka. Kirusi cha kichaa cha mbwa hupanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu kwenda kwenye ubongo, pengine kwa wiki, pengine kwa miezi. Dalili zikishaanza, hakuna dawa.

Umeniuliza kama ni kweli mbwa wote wa shuleni wauawe. Hilo nakujibu kwa kirefu, kwa sababu kuchanja mbwa ndiyo kazi iliyokulea.

Siku ya chanjo naondoka na pikipiki alfajiri, dozi zikiwa kwenye deli lenye barafu, maana zinatakiwa zitunzwe kwenye joto lisilozidi nyuzi 8. Mwenyekiti wa kitongoji anakuwa ameshatangaza tangu jana yake. Ninakaa chini ya mti, na wanaoleta mbwa, mwanangu, ni watoto. Wazazi wako shamba au na ng'ombe. Juzi alikuja mmoja wa darasa la pili, amembeba mbwa mgongoni kwa kanga ya mama yake kwa kuwa mbwa aligoma kutembea. Nikamwambia ambane katikati ya magoti, amshike kichwa huku akimsemesha. Nikavuta ngozi ya nyuma ya shingo, nikachoma, mbwa hata hakulia. Nikauliza jina lake niandike kwenye kadi. "Usiseme," akanijibu. Nikaandika Usiseme, naye akaikunja ile kadi na kuificha mfukoni kama noti ya elfu kumi.

Mtoto yule ndiye ninayemlinda. Watu wengi wanaokufa kwa kichaa cha mbwa wameng'atwa na mbwa wa nyumbani au wa jirani, na watoto ni sehemu kubwa yao.

Zamani kichaa kikizuka, amri ilikuwa kupiga risasi kila mbwa anayezurura. Haikusaidia. Unaua leo, watu wanaleta wengine kutoka kijiji cha pili, hawajachanjwa, na katika uliowaua wamo waliokuwa na chanjo. Lakini ukichanja mbwa 7 katika kila 10, kirusi kinakosa pa kupita. Ni kazi ya kurudia kila mwaka, kwa sababu mbwa wa vijijini hawaishi sana na wapya wanazaliwa kila msimu. Pemba kichaa kilitoweka mwaka 2014, kikaingia tena 2016, wakachanja tena, na kufikia 2018 kikawa kimeisha. Na si watu tu wanaopona. Mwaka 1994, ulikuwa hujazaliwa, distempa, ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa, iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na ugonjwa huo ulihusishwa na mbwa wa vijiji vyetu hivi jirani na hifadhi.

Sikufichi, wapo mbwa ninaoagiza wauawe. Aliyekwisha kuugua, anayedondosha udenda, anayeng'ata hata mawe na sauti imembadilika, huyo hana matibabu. Mwenye bunduki akimaliza, mimi navaa glavu na miwani, nakata kichwa, kinafungwa pamoja na barafu kwenda maabara, maana jibu liko kwenye ubongo. Jioni ya siku hiyo mama yako haniulizi kitu.

Lakini hilo nalivumilia. Nisichokizoea ni kumwona mtoto aliyepata kichaa hicho akitetemeka kwa kuonyeshwa kikombe cha maji. Nimemwona. Mbwa aliyemng'ata alikuwa wa jirani, na hakuwa na kadi.

Basi mwambie matroni kwa heshima kwamba baba anaomba mbwa wa mlinzi asiuawe wala asifukuzwe. Afungwe, apewe chakula na maji, aangaliwe siku 10. Akiwa bado mzima siku ya 10, tutajua hakumwambukiza rafiki yako, na daktari ataamua kuhusu sindano zilizobaki. Akibadilika au akifa, bwana mifugo wa kata aitwe mara moja, na mtu asimguse. Nitampigia mwenyewe, tulisoma wote. Na wale watoto wa mbwa walio chini ya stoo wachanjwe pia. Kuna wenzangu wanaowarudisha wakisema bado wadogo, mimi simrudishi hata mmoja. Ila acheni kuwabeba, mama yao ananyonyesha na hatawaonea huruma.

Hela ya sabuni na madaftari nimeituma kwenye simu ya matroni. Siku ya 10 ikifika, nijulishe huyo mbwa anaendeleaje.

Baba yako