Faini za nyumba Florida zinatembea tu, nani anazizima?

Mhariri, naomba nafasi niongee na wasomaji hasa wenye ndugu huku Florida wanaotafuta nyumba ya kununua. Huku mji ukikukuta na kosa, nyasi ndefu, fensi imelala, gari umelipaki juu ya majani, unapewa muda urekebishe, ukipitisha faini inaanza kuhesabiwa kwa siku. Sheria ya jimbo, sura ya 162, inaruhusu hadi dola 250 kwa siku, ukirudia kosa 500, na miji mikubwa inaweza kupandisha zaidi. Ikishasajiliwa kaunti inakuwa deni lililofungwa kwenye nyumba yenyewe na mali zako nyingine, linaweza kukaa mpaka miaka 20.

Sina shida na usafi, jirani nyasi zikimfika kiunoni hata mimi nitamsemea. Shida ni kwamba kwenye miji mingine ukisharekebisha faini haisimami mpaka inspekta wa mji aje ahakikishe. Pale Lantana mama mmoja alidaiwa zaidi ya dola 165,000, na zaidi ya laki moja kati ya hizo ni magari ya familia kukanyaga nyasi za kwake mwenyewe! Anasema alisharekebisha akapiga simu akaacha ujumbe, inspekta hakuja, kumbe hesabu inaendelea. Dunedin nako mzee alisafiri kushughulikia mambo ya marehemu mama yake, nyasi zikaota, deni likafika karibu dola 30,000 na mji ukaidhinisha nyumba ipigwe mnada.

Halafu bodi ya mji inayosikiliza kesi hizi inaruhusiwa kupunguza faini, kwa hiyo anayejua kujieleza au mwenye wakili anashushiwa, wengine wanalipa au wanakaa na nyumba isiyouzika. Sasa hiyo ni sheria au ni mapatano ya sokoni?

Mimi ningeanza hapa: siku mwenye nyumba anapotuma picha kwamba ametengeneza, faini isimame siku hiyo hiyo, inspekta aje ndani ya wiki, akikuta uongo basi irudi tangu mwanzo. Na ukimaliza kulipa, ofisi yenyewe ipeleke kaunti hati ya kufuta deni, sio mwananchi azungushwe.

Kwa wanaonunua sasa hivi, msisaini kitu kabla ya kuulizia mjini kama kuna kesi ya faini, hata ambayo bado haijasajiliwa, maana hili deni linaifuata nyumba hata ikibadilisha mwenyewe.

Msomaji wenu, Tampa